Msikilizaji wa Castelvero

Castelvero, 3 Machi

Mwanangu Nives,

Barua hii nampa Primo wa lori, ije kwako pamoja na injini. Akikwambia amechelewa kwa sababu ya ukungu, usimwamini. Alisimama njiani kula mkate na soseji ya mortadela kama kawaida yake, na alama za vidole vyake utaziona kwenye bahasha.

Injini aliyoipakia ni ya silinda kumi na mbili, petroli tupu, haina hata waya mmoja wa hiyo mizimu yenu ya betri. Baada yake imebaki moja tu, basi. Nimeisikiliza mwenyewe, haina kasoro, nimechonga jina langu kwenye kibati chake, Ermes Baraldi, kama nilivyochonga kwenye zote tangu wewe unatambaa. Waambie hao vijana wako wa vipimo wasiichokonoe. Injini iliyopita kwa msikilizaji imepita.

Chumba cha injini siku hizi kimepoa. Zamani tuligombania viti kantini, leo kila mtu anajichagulia meza yake na kula akitazama ukuta. Wakubwa wa kampuni yetu ya Carpineta wameshazihamisha mashine mbili nzuri kuja huko kwenye kiwanda chenu kipya. Sijui mtazifanyia nini, labda mtaanikia nguo.

Unalalamika kwamba unapiga simu sipokei. Ni kweli, sipokei. Simu siipendi. Mtu mwenye jambo la maana aliandike, karatasi haijapanda bei.

Nasikia gari lenu la umeme lina nguvu za farasi elfu na zaidi, na likiondoka utadhani limemwona mkwe wake anakuja. Na halitoi hata mguno. Hongereni. Pasi ya marehemu mama yako nayo ilikuwa ya umeme na haikuwa na kelele, lakini hatukuwahi kuiita gari la mbio. Mimi bado naamini petroli haijafa. Gazetini wameandika kuna petroli inayotengenezwa maabara, haichafui hewa kama hii ya kuchimbwa. Hao wakubwa wenu hawasomi magazeti?

Msalimie mumeo Loris. Mwambie kwamba dereva wa majaribio akinenepa anaharibu vipimo vya gari. Na acheni kula wali mchana na jioni, kwani huko Vercelli hakuna unga?

Baba yako,
Ermes

*

Vercelli, 8 Machi

Baba, shikamoo.

Loris kasoma ile ya unene akaenda bafuni kujipima. Umefanikiwa.

Sasa tuweke mzaha pembeni, maana nina jambo linaloninyima raha. Chumba chenu cha injini kinafungwa mwisho wa Aprili. Si tetesi tena. Mhandisi Govoni, bosi wangu, katangaza mbele yetu sote. Gari linalofuata ni mseto: injini ndogo ya petroli ya silinda sita inayosaidiana na mota za umeme. Baada ya hapo ni betri tupu. Si mimi niliyeamua, Baba. Sheria za moshi zinakaza kila mwaka, na wale matajiri waliokuwa tayari kusubiri miaka wapate silinda kumi na mbili, watoto wao hawazitaki. Hiyo petroli ya maabara ipo kweli, lakini bei yake ni ya manukato.

Nimekutafutia nafasi. Nimeipigania, nimegombana na watu. Ni kwenye laini ya mseto, kuunganisha injini na mota yake, kazi ya mikono, na wewe ndiye utakayewafundisha vijana. Ila kwa sababu ya umeme mkali kuna masharti mawili. Kozi fupi ya usalama, na kupimwa na daktari wa kiwanda. Macho, moyo, masikio, basi. Nusu saa umemaliza. Usipopimwa hakuna nafasi, na bila nafasi unabaki mtaani mpaka umri wa pensheni ufike. Nani atamwajiri mtu wa umri wako? Niambie.

Baba, najua umenikasirikia. Tangu nihamie huku kwenye betri hujaongea nami kwenye simu hata mara moja. Krismasi ulikuja, ukakaa mezani unatabasamu tu kama mgeni wa heshima. Loris kakuuliza kama unataka mvinyo zaidi, ukamjibu treni inaondoka saa tisa. Tulicheka, lakini ulipoondoka nililia. Kama unataka kunipiga, nipige. Huku kuninunia ndiko kunakoniua.

Nijibu kuhusu daktari. Primo atapita kwenu Alhamisi.

Mwanao,
Nives

*

Castelvero, 12 Machi
(Barua hii sikumpa Primo)

Nives, mwanangu,

Sisikii.

Nimeandika neno hilo, nikainuka nikaenda kupanga masufuria yaliyokwisha kupangwa. Nimerudi, bado lipo. Sikio la kulia limekufa kabisa. La kushoto linashika mngurumo kama wa maji kwenye pipa, maneno halishiki. Nasoma midomo ya watu. Krismasi Loris alikuwa anaongea huku anatafuna, ningemsomaje? Na simu haina midomo. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Hasira na wewe nitaitoa wapi?

Nimejitakia mwenyewe. Chumba cha majaribio walituletea viziba masikio, tukavitundika msumarini. Msikilizaji anayeziba masikio ni kama mpishi anayebana pua. Waliovivaa tuliwacheka, na mimi ndiye niliyekuwa nacheka kuliko wote. Injini inapiga kelele zake zote, nami niko ubavuni mwake, ncha ya kijiti kwenye injini na ncha nyingine sikioni, mwaka nenda mwaka rudi, nikaona ni sifa.

Sasa kijiti nakiuma kwa meno. Mtetemo unapanda mpaka kwenye taya, na kutokana na taya ndiyo nakisia. Wenzangu wanadhani ni mbinu mpya. Mmoja ameanza kuiga, mjinga wa watu. Hivyo ndivyo nilivyozipitisha injini hizi za karibuni. Mashine za vipimo zimekuwa zikikubaliana nami, na kila mara nashusha pumzi.

Nikienda kwa huyo daktari wenu wataandika kiziwi, na haitakwenda nafasi peke yake. Watauliza, ni nani basi aliyezisikiliza injini zile? Watu wamenunua jina langu, Nives. Wamelipa kwa sababu lipo pale kwenye kibati. Na wewe unajivunia mimi huko, Primo ananiambia. Nitakutazamaje?

Imebaki moja. Niacheni niimalize hiyo moja na jina langu likiwa zima, kisha nitakwambia, naapa. Au sitakwambia.

Hii haiendi popote. Naandika nyingine.

*

Castelvero, 12 Machi

Nives,

Nimepata barua yako. Ahsante kwa nafasi, mpe mwingine. Mimi si ng'ombe wa mnadani wa kupanuliwa mdomo na kuangaliwa meno. Kama Carpineta hawajanijua mpaka leo, daktari hatawajulisha.

Na sijakununia. Hayo ni mawazo yako.

Baba yako

*

Vercelli, 20 Machi

Baba,

Nimeisoma hiyo barua yako mara nyingi nikitafuta mahali ulipoandika kwamba unanipenda. Hapapo.

Haya. Ng'ombe wa mnadani! Watu wa umri wako hapa wanapimwa kila mwaka, wanatoka wanakunywa kahawa, maisha yanaendelea. Ila wewe ni Ermes Baraldi, wewe ukiguswa na daktari mbingu zitaanguka. Unajua Govoni kaniambia nini? "Mzee wako anaringa, mwache aringe nyumbani kwake." Nikamwambia asiseme hivyo tena mbele yangu. Kisha nikaenda chooni nikakaa, maana nilijua ana haki ya kusema.

Nimemwomba akuwekee nafasi mpaka siku ya kuaga. Amekubali shingo upande. Siku yenyewe ni Jumamosi, tarehe kumi na nane Aprili. Gari lenye injini ya mwisho litakimbizwa kwenye barabara yetu ya majaribio mbele ya wageni, kwa kasi yake yote, na Loris ndiye dereva. Kiti cha pembeni ni chako. Nimewaambia hakuna mwingine anayestahili kukikalia. Mchana utakuja kupimwa, jioni utakula nasi, na Loris ameapa atakaanga unga uliokandwa kama unavyokaangwa kwenu, mwenyewe anasema anaweza. Mwache ajaribu.

Kuna lingine, na bora ulisikie kwangu. Wanataka kurekodi sauti ya injini hiyo ya mwisho na kuitia kwenye spika za gari la umeme. Mtu akikanyaga, asikie silinda kumi na mbili ambazo hazipo. Najua utakachosema. Mimi mwenyewe nilikuwa na hamu ya kumtemea mtu mate. Lakini nikafikiri, bora hiyo kuliko kimya. Angalau sauti itabaki, na itakuwa ile uliyoipitisha wewe.

Njoo, Baba. Sikuombi uipende betri. Nakuomba ukae kwenye kiti.

Nives

*

Castelvero, 13 Aprili

Nives,

Hii ndiyo ya mwisho. Primo kaipakia kwa adabu mara hii, hata kofia kavua, nikamwambia vaa kofia yako, hakuna aliyekufa.

Nimeisikiliza asubuhi yote. Wenzangu walisimama ukutani, mikono nyuma, kama watoto wanaosubiri kuitwa majina. Nilipoinua kidole walipiga makofi, na mmoja akafungua chupa ya mvinyo wa lambrusko. Ni safi. Inaimba. Jina langu lipo kwenye kibati.

Kwenye kiti sitakuja. Usiniulize kwa nini. Kalia wewe, ni wako kuliko wangu.

Kuhusu hiyo spika, mnachuna ngozi ya maiti mkamvike kondoo. Lakini rekodini, sawa. Mtaniambia ilikuwaje.

Na kwamba nakupenda, hilo nalo linahitaji wino? Nakupenda.

Baba

*

Vercelli, 16 Aprili

Baba yangu,

Ahsante kwa mstari ule wa mwisho. Nimeukata nikauweka kwenye pochi, Loris ananicheka.

Nimpe Primo barua hii upesi, anashuka huko kuja kuchukua vifaa vilivyobaki, atakufikia Jumamosi asubuhi. Nataka uijue habari yote kabla hatujakimbia saa sita mchana.

Jumanne tuliiweka injini yako kwenye mashine za vipimo. Ikiwa baridi, ilikuwa safi. Tulipoibebesha mzigo, mashine zikaonyesha kitu. Kidogo sana, kama kugonga huko chini, kwenye upande wa beringi. Mara kipo, mara kinapotea. Govoni akafurahi, usoni nilimwona. Akasema, "Basi tusihangaike. Tuahirishe, tuifungue, na Jumamosi wageni tuwaonyeshe mseto peke yake." Ningekubali, injini yako isingekimbia tena, Baba. Wangeifungua, kisha ingekuja sababu hii, ikaja ile, na ingeishia chini ya turubai.

Nikamwambia kanuni ya Carpineta haijafutwa. Mashine na msikilizaji wakipingana, neno ni la msikilizaji, mradi mhandisi akubali kwa jina lake. Akaniuliza, "Na mhandisi gani atakubali?" Nikasema mimi.

Wote wakanigeukia. Unanijua, mimi ndiye ninayewahubiria kila siku kwamba mashine haina mapenzi wala uzee. Sasa nimesimama pale nawaambia baba yangu kakaa na injini hii asubuhi nzima, na kama kungekuwa na kitu chini kule angekisikia hata akiwa usingizini. Nimeweka saini. Nimeweka na kazi yangu, Govoni hakuficha hilo.

Miezi yote hii ulidhani nimekuacha nikaenda kwa maadui. Basi jua kwamba siku ilipofika ya kuchagua kati ya mashine zangu na sikio lako, nimechagua sikio lako. Jumamosi nitakaa pembeni ya Loris, na tutaikanyaga mpaka mwisho.

Mwanao anayejivunia,
Nives

*

Castelvero, 18 Aprili, Jumamosi

Nives, Nives,

Sijui naandika kwa nani. Nimekaa kwenye baa ya Zelinda, saa ya ukutani kwake inaonyesha sita imepita, na mimi sijui kama uko hai.

Primo kachelewa. Kanipa barua yako mlangoni, akageuza lori akaondoka, na mimi nikaifungua nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye neno beringi macho yalikimbia mpaka pale ulipoweka saini. Nikatoka mbio kumfuata, nikapiga kelele, lori likakata kona. Simu ya mkononi uliyoninunulia iko kwenye droo, haina chaji. Nikaenda kwenye ile ya ukutani, jikoni.

Mwanangu, mimi ni kiziwi. Nilikuandikia Machi sikukupa. Siwezi kusikia simu, ndiyo maana sipokei, si hasira, hapajawahi kuwa na hasira hata siku moja. Nilibonyeza namba yako nikaweka mkono wa simu sikioni na hapakuwa na kitu. Sikujua kama inaita. Sikujua kama umepokea, au kapokea mtu mwingine, au naongea na ukuta. Nikaanza tu kusema. Nives, msiikimbize. Nives, shuka. Mwambie Loris azime. Sikuisikia injini ile, nimekudanganya, niliuma kijiti kwa meno, na meno yalihisi kitu, yalihisi kama mchanga kwenye wali, nikajiambia ni jino bovu, ni jino, Ermes, ni jino lako tu. Niliitaka sana iwe nzima. Nilisema yote hayo. Nikarudia. Sijui nilisema kwa muda gani. Kisha nikaona hata nikiendelea mpaka kesho sitajua kama kuna mtu upande wa pili, nikauacha mkono wa simu unaning'inia, nikaja huku mbio.

Zelinda alikuwa anapanga vikombe. Nikamwambia, "Mpigie Nives, mimi sisikii." Akanitazama kama nimelewa. Kasema kitu, nikamwambia nitazame usoni uongee pole pole, sisikii, Zelinda, sisikii kabisa! Akaweka kitambaa chini. Nikaisoma midomo yake: "Kumbe! Na mimi nilidhani una dharau." Maskini, kumbe miaka yote hii alikuwa akinisalimia mgongoni nami napita tu.

Kakupigia, hupokei. Kampigia Loris, hapokei. Kapiga kiwandani, wamemwambia watu wote wako uwanjani. Anapiga tena sasa hivi, namwona kidole kinavyobonyeza. Wazee wa karata wameacha karata. Kila akiweka simu chini anatikisa kichwa, na mimi naandika, maana nisipoandika nitaanza kupiga mayowe na sitajua nimepiga kwa nguvu kiasi gani.

Uliweka sikio langu juu ya mashine zako. Mungu wangu. Lingekuwa neno la mtu mwingine yeyote ungelikataa.

Kama unaisoma hii, basi uko hai na hakuna kingine ninachokitaka. Nitakwenda kwa daktari wenu, nitakwenda kwa Govoni, nitawaambia mwenyewe. Wakiking'oa kibati wakakitupa mtoni, watupe.

Zelinda anasema kitu. Simwelewi, analia na midomo inacheza

*

Vercelli, 23 Aprili

Baba,

Tuko hai. Zelinda kaniambia ilibidi akuandikie kwa mkaa kwenye meza ndipo ukaelewa, na kwamba mezani hapo hafuti. Basi nakuandikia neno hilo na mimi, ulishike mkononi. Tuko hai, na Loris hana hata mchubuko.

Nataka ujue yote yalivyokuwa. Nilikuwa nimeshakaa, mkanda nimefunga, kofia ngumu iko magotini. Loris keshaipasha moto, wageni wamepangwa kando ya barabara. Simu ikalia, nikaona namba ya nyumbani. Nilidhani nyumba inaungua, maana namba ile haijanipigia tangu nihame. Nikapokea, wewe ukawa tayari unasema.

Mwanzo nilidhani umelewa. Nikakuuliza kuna nini, ukapita juu ya maneno yangu kama sijasema. Nikakuuliza tena. Ndipo ukasema, "Sijui kama upo, mwanangu, lakini nasema," na hapo nikaelewa. Treni ya saa tisa, simu, Krismasi, vyote kwa mkupuo mmoja, Baba, palepale kwenye kiti. Nilinyoosha mkono nikazima injini mwenyewe. Loris akaruka, "Umekuwa kichaa?" Nikamwambia shuka.

Govoni akaja mbio. "Wageni wanasubiri, bibie. Mzee wako anataka nini tena?"

"Gari haliendi."

"Kwa neno la nani?"

"La msikilizaji," nikasema.

Tukalisukuma, mimi na Loris na mafundi wawili, mbele ya watu wote na kamera zao. Baadaye wakaendesha mseto, ukakimbia vizuri, watu wakapiga makofi. Jumatatu tuliifungua injini. Beringi moja ilikuwa imeliwa mpaka shaba inaonekana. Fundi aliyeishika alimpa Loris aishike naye. Kwenye kona ya kwanza ingejifunga, na sisi tungekuwa ndani.

Sasa yaliyobaki, na sitakupambia. Nafasi yako imekwenda, na hata mimi kwenye yangu nimepumzishwa mpaka waamue. Hawataitengeneza tena injini ile. Sauti hawakuirekodi. Wanaziita zile zote zenye jina lako zirudi zifunguliwe, na wanataka uwaambie ni tangu lini ulianza kutosikia. Nilimwambia Govoni mtu hawezi kujua siku aliyoanza kukosa sauti, haiagi ikiondoka. Akasema atakuuliza mwenyewe. Nitakuja Jumapili na Loris tukae nawe atakapofika, na nitakuandikia kila anachosema. Kama kuna watu watakaoumia kwa ajili ya jina lile, tutawajua, na wewe utalibeba, na mimi nitalibeba, kwa sababu saini ni yangu.

Nimekasirika, Baba. Ungeniambia. Ningekuja nikakuandikia kila neno ukutani. Nitakukasirikia kwa muda mrefu, uzoee.

Lakini kuna jambo moja siwezi kungoja Jumapili. Umeandika kwenye barua ile ya baani kwamba hukujua kama ulikuwa unaongea na mtu au na ukuta. Uliita "Nives" nikaitika abee, Baba. Ukaita tena, nikaitika tena. Ukaniambia nishuke, nikakwambia nimeshuka, nimesimama kwenye nyasi, Loris huyu hapa. Ukaendelea kuniomba nishuke. Ukalia, ukasema jino, ukasema mchanga, ukaniomba msamaha, na mimi nilikuwa napiga kelele nimesikia, nimesikia, mpaka wageni wote wakageuka kunitazama. Kila ulichosema nilikisikia, na kila ulipoita niliitika.

Nives